Goma: Historia ya mfuo wa mbao na swali la diski za bei nafuu

Katika ateliye za mbao za Goma, kuanzia Birere hadi Katindo, Majengo na Ndosho, kuna kazi ambayo mteja haioni akija kuchukua kabati lake. Ni kazi ya mfuo. Mfuo ni mtaro mdogo wenye kitako bapa ambao seremala anauchimba kwenye ubao ili ubao mwingine uingie ndani yake na ukae imara. Rafu ya kabati hukaa ndani ya mfuo. Kitako cha droo huingia mfuoni. Kiti cha benchi la shule kikitiwa kwenye mfuo, watoto wanne wanaweza kukikalia mwaka mzima bila kuyumba.

Kabati lenye mifuo hubeba mzigo kwa ubao wenyewe. Kabati lisilo na mifuo hubeba mzigo kwa misumari. Katika mji mwingine tofauti hii ingekuwa ya uzuri tu. Goma ni mji wa watu wanaohama. Familia za Masisi, Rutshuru na Nyiragongo zimefunga virago mara mbili, mara tatu, wengine wameacha kuhesabu. Kabati la misumari likipakiwa juu ya chukudu na kuteremshwa mara mbili, misumari inalegea na ubao unapasuka kwenye matundu. Kabati la mifuo lililokazwa kwa skrubu linafunguliwa, linabebwa ubao kwa ubao, kisha linaunganishwa tena mahali pengine.

Siku hizi vijana wengi wa ateliye wanaona kwenye simu zao mafundi wa Marekani wakichimba mfuo kwa pigo moja. Wanatumia msumeno wa meza uliofungwa seti ya diski kadhaa pamoja. Ndipo swali linazuka: seti ya bei nafuu ni ipi, na inafaa kununuliwa? Historia ya mbao katika mji huu inasaidia kulijibu, kwa sababu mafundi wa Goma wamechimba mifuo miaka mingi kabla seti hiyo haijafika kwenye simu ya mtu.

Enzi ya panga, shoka na patasi

Ushahidi mkubwa wa ufundi wa mkono katika Kivu ya Kaskazini unapita barabarani kila siku. Ni chukudu. Baiskeli hii ya mbao isiyo na pedali ilianza kuonekana jimboni katika miaka ya 1970, enzi ya Mobutu, na mpaka leo inabeba makaa, viazi, kabeji, mbao na magodoro. Inashuka na mizigo kutoka Kibumba hadi sokoni. Mwaka 2009 mji ulisimamisha sanamu ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu, na njia panda hiyo inajulikana kwa jina hilo hilo.

Chukudu hutengenezwa kwa mti mgumu, mara nyingi mkaratusi. Fundi huchonga kwa panga na shoka, hutoboa kwa patasi, kisha huvisha magurudumu ya mbao vipande vya mpira wa tairi kuukuu. Hakuna umeme katika kazi hiyo. Na bado chombo kinabeba mamia ya kilo juu ya mawe ya lava, kwa sababu viungo vyake vimechongwa vikashikana: kipande kinaingia ndani ya kingine, msumari unakuja baadaye kusaidia tu.

Mfuo wa kabati ulichimbwa kwa njia iyo hiyo. Fundi anachora mistari miwili, upana wa ubao utakaoingia. Anakata kila mstari kwa msumeno wa mkono hadi kina anachotaka, kwa kawaida theluthi moja ya unene wa ubao. Kisha anatoa mbao za katikati kwa patasi na kusawazisha kitako. Ubao wa milimita 20 unachimbwa milimita 6 au 7, si zaidi, usije ukadhoofika. Patasi ikiwa kali na mkono ukiwa umezoea, mfuo unatoka safi. Kinachopotea ni saa.

Lava ikaleta mji wa mbao

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, volkeno ya Nyiragongo ilipasuka. Lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani Kivu. Zaidi ya sehemu ya kumi ya mji iliharibiwa na zaidi ya watu 100,000 walibaki bila nyumba. Lava ilipopoa, watu walirudi kujenga juu yake.

Kuchimba msingi ndani ya mwamba huo ni kazi ngumu, na saruji ni ghali. Basi familia nyingi zilipanga mawe ya lava chini, zikasimamisha nguzo, zikapigilia mbao na kuezeka mabati. Nyumba ya mbao ilijengwa kwa siku chache. Ilikuwa na faida nyingine ambayo watu wa Goma wanaijua vizuri: inaweza kubomolewa na kuhamishwa pamoja na mwenyewe. Mitaa mizima ya mbao iliota. Pamoja nayo ulikuja moto, ambao tangu hapo umekuwa ukirudi Birere na kwingineko ambako nyumba zimebanana.

Kazi ya useremala ilikua haraka. Milango, madirisha, vitanda, meza za sokoni, mabenchi ya shule, majeneza: vyote vilihitajika kwa wakati mmoja. Katika haraka hiyo msumari ulishinda mfuo. Mteja aliyepoteza kila kitu hakuwa na fedha ya kulipia saa za patasi, na fundi mwenye oda kumi alipigilia.

Mbao zenyewe zilichangia tatizo. Mbao za karibu na Goma ni za mikaratusi iliyopandwa. Zile ngumu na tulivu zaidi, kama libuyu na mvule, zinatoka mbali, upande wa Beni, Ituri na Walikale, na bei yake hupanda kila barabara inapofungwa. Mkaratusi uliokatwa juzi bado una maji mengi. Ukikauka unasinyaa, unajikunja na kupasuka. Mfuo uliochimbwa leo kwenye ubao mbichi, mwezi ujao hautakuwa na upana ule ule. Hili ni la kukumbuka kabla ya kulaumu chombo. Hata diski ya bei ya juu kabisa haiwezi kurekebisha ubao ambao haujakauka.

Umeme wa Matebe

Kwa muda mrefu umeme wa Goma ulitegemea mabwawa ya mto Ruzizi upande wa Bukavu, na ulikuja kwa zamu. Mwenye ateliye aliyetaka kutumia mashine alinunua jenereta na mafuta, na gharama hiyo akaiongeza kwenye bei ya kitanda.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwezi wa kumi na mbili 2015, kituo cha Matebe kilipozinduliwa wilayani Rutshuru, chenye nguvu ya megawati 13.6, chini ya mradi wa Hifadhi ya Virunga. Nyaya zake zikafika Goma. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru iliongeza kituo cha umeme wa jua cha megawati 1.3. Kwa mara ya kwanza mafundi wa kawaida, si wenye mitaji tu, waliweza kufikiria mashine: randa ya umeme, keekee, na msumeno wa meza. Vijana waliojifunza useremala katika vituo kama Don Bosco Ngangi walitoka na ujuzi na kukuta plagi ukutani.

Msumeno wa duara wenyewe si kitu kipya. Huko Uingereza Samuel Miller aliutaja katika hati yake ya uvumbuzi mwaka 1777. Kilichokuwa kipya Goma ni umeme wa kuuzungusha kila siku.

Seti yenyewe ni kitu gani

Diski ya kawaida ya msumeno inakata njia nyembamba, karibu milimita 3. Seti ya kuchimbia mifuo ina diski mbili za nje, kushoto na kulia, na visu vya kati vinavyopangwa katikati yake. Ukiongeza kisu, mfuo unapanuka; ukipunguza, unakuwa mwembamba. Visahani vyembamba huwekwa kati ya visu ili kupata upana kamili. Seti nyingi zinaanzia inchi 1/4, yaani milimita 6 na kitu, hadi karibu milimita 20. Vipenyo vya kawaida ni inchi 6 na inchi 8.

Kuna aina ya pili iliyo rahisi zaidi kwa bei. Ni diski moja inayofungwa kwa upande, ikawa inayumba kwa makusudi inapozunguka. Kadiri inavyoinamishwa, ndivyo mfuo unavyopanuka. Kasoro yake ni kwamba kitako cha mfuo hutoka na mbonyeo kidogo badala ya kuwa bapa, na mashine inatetemeka zaidi. Kwa kazi isiyoonekana inaweza kutosha. Kwa kabati la kuuza, rafu haikai vizuri.

Faida ya seti inaonekana kwa hesabu. Kabati la rafu 5 lina mifuo 10, mitano kila upande. Ubao wa milimita 20 ukichimbiwa kwa diski ya kawaida unahitaji mapito 7 au zaidi kwa kila mfuo. Hayo ni mapito 70. Kwa seti ni mapito 10. Ateliye yenye oda ya makabati ya shule nzima inaona tofauti hiyo mara moja. Fundi anayetengeneza kabati moja kwa wiki anaokoa muda mchache tu.

Maswali kabla ya kutoa dola

Katika maduka ya Marekani seti za chini zinauzwa kwa makumi ya dola, na zile nzuri zinapita dola 100. Juu ya hapo kuna usafiri hadi Kampala au Kigali, ushuru na njia ya kuingia Goma. Tangu tarehe 13 mwezi wa sita 2022, Bunagana ilipoangukia mikononi mwa M23, wafanyabiashara wamelazimika kubadili njia zao zaidi ya mara moja, na kila njia ina gharama yake. Kwa hiyo seti iliyo nafuu dukani inaweza kufika ikiwa ghali. Kuna maswali manne ya kujibu kwanza.

La kwanza ni shafti, kile chuma kinachozungusha diski. Mashine za Marekani nyingi zina shafti ya inchi 5/8, karibu milimita 16, na ndefu ya kutosha kubeba visu vyote. Diski za mashine za Ulaya nyingi zina tundu la milimita 30, na shafti zake ni fupi. Kanuni za usalama za Ulaya zinataka diski isimame ndani ya sekunde 10 mashine ikizimwa, na seti nzito haisimami kwa urahisi hivyo. Basi fundi mwenye mashine ya mtumba kutoka Ubelgiji anaweza kununua seti nzuri kabisa isiyoingia kwenye shafti yake. Apime kipenyo na urefu kabla ya kuagiza. Nati ikifungwa, lazima nyuzi zote za nati zishike. Ikishika nusu tu, seti haitumiwi. Kupanua tundu la diski kwa keekee au tupa ni hatari, kwa sababu diski haitazunguka tena katikati yake.

La pili ni mota na umeme. Seti inang'oa mbao nyingi kwa wakati mmoja. Mota ndogo inakwama, inapata joto, na mwisho inaungua. Mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani inatumia volti 120, nao umeme wa Goma ni volti 220. Jenereta ndogo inayowasha taa na redio haiwezi kubeba kazi hii.

La tatu ni mwendo. Kila diski nzuri imeandikwa idadi ya mizunguko kwa dakika isiyopaswa kupitwa. Kwenye meza za msumeno zinazochomelewa na mafundi wenyewe, mota na mkanda, mwendo unategemea puli. Mota ya mizunguko 2,900 yenye puli ya milimita 120 ikivuta puli ya milimita 60, diski inazunguka mara 5,800. Fundi afanye hesabu hiyo kwa kalamu. Diski isiyoandikwa mwendo wake iachwe dukani, hata ikiwa ya bei ya kutupwa.

La nne ni meno. Meno mazuri ni ya kabaidi, chuma kigumu kinachodumu kwenye mbao ngumu na kinachoweza kunolewa tena. Mnunuzi atazame kama meno yameungwa sawasawa, bila nyufa wala tundu kwenye kiungo. Seti yenye meno machache ya ubora inafaa kuliko yenye meno mengi yaliyobandikwa ovyo. Na aulize: nani Goma ataninolea? Kama hakuna, basi bei ya kweli ni bei ya seti mbili.

Vidole na vitanda vya hospitali

Mfuo haukati ubao mpaka upande wa pili. Kwa sababu hiyo, mashine inapofungwa seti, kinga ya juu na kisu kinachokaa nyuma ya diski kuutenganisha ubao mara nyingi huondolewa. Mkono unabaki karibu na chuma kilicho wazi. Hata Marekani, kwenye mashine mpya na mafunzo, takriban watu 30,000 kwa mwaka hutibiwa majeraha ya msumeno wa meza.

Mwezi wa kwanza 2025, vita vilipofika Goma, hospitali ya CBCA Ndosho inayosaidiwa na CICR ilipokea mamia ya majeruhi, wengine wakilala chini kwa kukosa vitanda. Katika mji wa namna hiyo, fundi aliyekatwa vidole anangoja foleni. Naye ndiye anayelisha nyumba kwa mikono hiyo.

Kwa hiyo kinachotakiwa kununuliwa pamoja na seti, au kabla yake, ni vitu vya bei ndogo: kipande cha mbao cha kusukumia, kizuizi cha pembeni kilichonyooka, miwani, na swichi ambayo mkono unaifikia bila kuinama. Mfuo unaochimbwa kukata nyuzi za ubao usukumwe kwa reli ya kuongozea, kamwe si kwa mikono mitupu. Ubao uliopinda usipitishwe kabisa.

Njia tatu za zamani ambazo bado zinafanya kazi

Siku zile za mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 umeme na maji vilikatika katika sehemu kubwa ya mji. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Mwezi uliofuata kambi za pembezoni mwa Goma zilivunjwa, na maelfu ya familia zilianza safari ya kurudi vijijini, nyingine zikakuta milango na mapaa yameibiwa au yamechomwa. Mbao zilihitajika tena kwa wingi, wakati ule ule ambao mashine zilikuwa kimya na fedha mkononi hakuna.

Ateliye zilizojua kazi ya patasi hazikusubiri umeme. Hilo ndilo somo ambalo historia ya mji imelirudia 2002, 2021 na 2025: chombo cha bei nafuu ni kile kinachoendelea kufanya kazi siku ambayo mji umesimama.

Fundi asiye na oda kubwa ana njia tatu. Ya kwanza ni msumeno wa mkono na patasi mbili nzuri, moja nyembamba na moja pana, pamoja na jiwe la kunolea. Ya pili ni kutumia diski ya kawaida aliyo nayo kwenye meza, akipitisha ubao mara saba au nane huku akisogeza kizuizi kidogo kidogo, kisha akisawazisha kitako kwa patasi. Haina gharama mpya, na katika mashine nyingi kinga inayofaa inaweza kubaki mahali pake. Ya tatu ni mafundi watatu au wanne wa mtaa mmoja kuchangia seti moja na mashine moja inayoifaa, kama wanavyochangia likelemba, na kupeana zamu. Seti isiyolipika kwa mtu mmoja inaweza kulipika kwa wanne, mradi mmoja wao awe na dhamana ya kuitunza na kuipeleka kunolewa.

Mwenye oda za shule, vituo vya afya au mashirika, mwenye umeme wa kuaminika na shafti inayokubali, anunue seti ya visu vya kati na aache ile ya kuyumba. Wengine wote wanaweza kuweka dola zao kwenye mbao kavu. Mfuo wa patasi kwenye ubao mkavu utashika kuliko mfuo wa mashine kwenye ubao mbichi.

Familia inayoagiza kabati au kitanda nayo ina neno la kusema. Kabla ya kulipa nusu ya bei, imwombe fundi aonyeshe rafu inakaaje. Ikiwa imekalia misumari mitupu, itadumu mpaka safari ya kwanza. Ikiwa imeingia mfuoni na kukazwa kwa skrubu, itafunguliwa na kufungwa tena, Goma au Kitshanga, Sake au Rutshuru, popote ambapo amani itawaruhusu wenyewe kuishi.